Penseli ya kubonyeza inameza risasi yake: kwani ndani kuna nini kinachoishika?

#1 Mama_Achi (Kisumu)
Habari za jioni wanajamvi. Binti yangu yuko Gredi ya Saba, na mwalimu wao wa kuchora amewaambia kila mtu aje na penseli ya kubonyeza, ile ya 0.5. Nikaipata karibu na stendi kwa shilingi 70, na kijaluba cha risasi shilingi 30. Siku mbili ilienda vizuri. Siku ya tatu akaanza kulia nayo. Akibonyeza, risasi inatoka. Akigusa karatasi tu, inarudi ndani kama kichwa cha kobe. Anabonyeza tena, inarudi tena.

Nimeifungua hapa mezani. Nimepata kijibomba cha plastiki, springi, kifutio kimechakaa, na kitu cha shaba chenye vidole vitatu. Mimi nilidhani springi ndiyo inayosukuma risasi nje, lakini springi yenyewe hata haigusani na risasi! Basi ni nini kinachoishika isirudi? Nataka kuelewa kabla sijatoa pesa nyingine, maana mzee wa nyumba ameshasema turudi kwa penseli ya mti na wembe.

#2 Omena_Kavu
Mzee wa nyumba ana akili. Penseli ya mti haijawahi kumeza kitu. Naketi hapa na njugu zangu nisikilize mainjinia.

#3 Kijana_Section58 (Nakuru)
Ni springi tu. Ukibonyeza inajikaza, ukiachilia inafyatuka na kuipiga risasi mbele kidogo. Yako imechoka. Ivute irefuke kidogo uirudishe. Kazi imeisha.

#4 Boda_Nyalenda (Kisumu)
@Kijana_Section58 hapana, omera. Hiyo ni klachi, na klachi mimi naijua, naivuta kutwa. Kwa pikipiki, springi ndizo zinazobana sahani za klachi muda wote. Ukivuta mkono unaziachilia sahani. Watu wengi hufikiri kuvuta ndiko kubana, kumbe ni kinyume. Nadhani penseli ni hivyo hivyo: springi inabana, kidole kinaachilia. Kama springi ingekuwa inafyatua risasi, hata sisi tungekuwa tunarushwa mbele kila tukiachilia klachi.

#5 Omena_Kavu
Mbona wewe hunirusha mbele kila siku pale Kona?

#6 Fundi_Saa (Kondele)
Boda amepata. Mimi hufungua saa na kufuli, na penseli za watoto wa mtaa zinaletwa kwangu pia, bure, kwa hiyo nimeziona nyingi.

Mama Achi, chukua hicho kitu cha shaba ukitazame kwenye mwanga. Vidole hivyo mimi naviita taya. Utaona kwa mbele ni vinene na kwa nyuma vimekonda. Lazima kulikuwa na kipete kidogo kimezivaa taya hizo, kidogo kama punje ya mtama. Kama hukukiona, angalia chini ya meza sasa hivi kabla mtu hajafagia. Springi imekaa nyuma ya taya na kazi yake ni moja, kuzivuta taya nyuma ziingie kwenye kipete. Zikivutwa, ule unene wa mbele unakwama, taya zinafumba, risasi inabanwa. Hivyo ndivyo penseli inavyokaa wakati wote ambao kidole chako hakipo. Ni mdomo wa drili, ila huu ni wa saizi ya siafu.

Sasa bonyeza polepole, polepole kabisa. Kwanza kijibomba, taya, kipete na risasi vinasonga mbele vyote pamoja. Hapo ndipo risasi inapotokeza. Halafu kipete kinagonga ukingo ulio ndani ya pua ya penseli na kusimama. Taya zinaendelea mbele, zinachomoka kwenye kipete, zinafunguka. Ukiachilia kidole, zinarudi nyuma zikiwa wazi na kuiacha risasi pale mbele, kisha zinaingia tena kwenye kipete na kuishika risasi nyuma kidogo ya pale zilipokuwa zimeshika mwanzo. Ni kama kuvuta kamba ya kisima: unashika, unavuta, unaachia, unashika tena. Kila mbonyezo risasi inasonga chini ya milimita moja.

#7 Mama_Achi
Kipete nimekiona! Kilikuwa ndani ya sahani ya njugu karanga. Asante Fundi. Lakini kuna kitu sijashika. Taya zikifunguka na kurudi nyuma, kwa nini risasi isirudi nazo? Nani ameishika wakati huo?

#8 Fundi_Saa
Hapo ndipo penye siri yenyewe. Ndani ya pua, karibu na ncha, kuna kimpira kidogo chenye tundu. Risasi inapita humo kwa kukwaruzana kidogo tu. Hakina nguvu ya kushindana na taya zikiwa zimefumba, lakini zikifunguka kinatosha kuizuia risasi isiburutwe nyuma wala isianguke. Fungua pua, toa risasi, uipitishe kwa mkono kwenye hiyo pua peke yake. Ukihisi inagoma kidogo, kimpira kizima. Ikipita kama sindano kwenye wavu wa samaki, kimpira kimekwisha, na mimi naweka dau langu hapo.

#9 Mzee_Ramani (Nakuru)
Hamjambo vijana. Nimechora ramani za viwanja hapa Nakuru miaka mingi kabla kompyuta hazijatunyang'anya meza, kwa hiyo mniruhusu.

Fundi amesema vizuri jinsi inavyosonga. Lakini dau lake naliona lina tundu. Mama hakusema risasi haitoki. Amesema inatoka, halafu *inarudi akigusa karatasi*. Ukiandika, karatasi inaisukuma risasi nyuma. Risasi inazisukuma taya nyuma. Taya zikienda nyuma zinaingia zaidi kwenye kipete, na kipete kinazibana zaidi. Maana yake kadiri unavyokandamiza ndivyo inavyoshikwa. Kimpira hakina kazi yoyote hapo. Hata kiwe kimekufa, taya nzima haziwezi kukubali risasi irudi.

Kwa hiyo mimi nauliza, mama: hicho kipande cha risasi kilichokuwa kikirudi kilikuwa na urefu gani? Kuanzia ncha hadi pale taya zinaposhika kuna nafasi, zaidi ya sentimita moja kwenye penseli nyingi. Risasi mpya ina milimita 60. Ikiisha ikabaki fupi kuliko hiyo nafasi, taya haziifikii tena. Inabaki imeshikwa na kimpira peke yake, na kimpira si mtu wa kushindana na karatasi.

#10 Fundi_Saa
Mzee, heshima. Lakini kipande kifupi kinasukumwa na risasi inayokifuata nyuma, ambayo hiyo imeshikwa na taya. Kitarudi wapi?

#11 Mzee_Ramani
Swali la fundi kweli hilo. Risasi ya pili bado haijafika kwenye kimpira. Taya zikifunguka, hakuna kitu kinachoizuia isiburutwe nyuma kidogo. Basi kati yake na kipande cha mbele kunatokea nafasi. Unagusa karatasi, kipande kinarudi kujaza nafasi hiyo. Unabonyeza, kinatoka. Unagusa, kinarudi. Ndiyo hadithi ya Mama Achi neno kwa neno.

#12 Mama_Achi
Sasa mnanichanganya kwa sababu wote mnaniingia akilini. Kipande kilichodondoka nilipoifungua ni kama kucha ya kidole gumba changu. Si kirefu, si kifupi.

#13 Omena_Kavu
Kucha ya mama wa mjini au kucha ya mama wa shamba? Kuna tofauti ya sentimita tatu.

#14 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Mulembe. Nimefundisha darasa la watoto 60 wenye penseli hizi, niongeze la kwangu. Fungueni hicho kijibomba mhesabu. Watoto hujaza risasi zote za kijaluba kwa mara moja ili wasizipoteze. Zikijaa sana zinabanana na kukatika, vipande vinashuka hadi kwenye taya. Kipande kikikwama kati ya taya mbili, ya tatu haifumbi sawasawa, na risasi inateleza hata kama ni ndefu na mpya. Darasani kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza, hizo za wazee wangu hapo juu nimeziona mara chache. Mimi huwaambia watoto waweke mbili au tatu tu.

Halafu jina. Tunasema "risasi" na ndani hakuna risasi hata chembe. Ni grafiti, yaani kaboni. Waingereza walipoipata Borrowdale karne ya 16 walidhani ni aina ya risasi, na kosa hilo likazunguka dunia. Sisi "kalamu ya risasi" tumeichukua kwa Waarabu, *qalam rasas*, na Wajerumani nao wanasema *Bleistift*, risasi hiyo hiyo. Kwa hiyo mzazi anayeogopa mtoto kutafuna penseli, ogopa rangi ya nje na vijidudu, si sumu ya risasi.

#15 Boda_Nyalenda
Mwalimu, hiyo nimeipenda. Miaka yote nilikuwa namchapa mdogo wangu kwa kutafuna penseli nikijua anakula risasi.

#16 Kijana_Section58
Sawa, kwa springi nimekubali nimekosea, msinipige mawe. Lakini historia mimi naijua, nakusanya penseli hizi. Ni uvumbuzi wa Mjapani, Hayakawa Tokuji, mwaka 1915. Penseli yake iliitwa Ever-Ready Sharp, na hata leo Wajapani huiita *shapu pen*. Tetemeko kubwa la Kanto la 1923 likamuua mke na watoto wake na kumwangamizia kiwanda. Akahamia Osaka akaanza upya na redio. Kampuni hiyo ndiyo Sharp ya televisheni na kikokotoo. Kwa hiyo TV ya jirani yako ina jina la penseli.

Na penseli bora kabisa leo ni za Mitsubishi. Wale wale wa malori ya Fuso. Mtu anayetengeneza gia za lori hawezi kushindwa na springi ya penseli.

#17 Tekla_Karakana (Bungoma)
@Kijana_Section58 nusu umepata, nusu umetudanganya. Hayakawa na Sharp ni kweli, lakini hakuwa wa kwanza. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza ya penseli ya kusukuma risasi huko London mwaka 1822, karibu miaka mia kabla. Na kabla yao zilikuwepo: kwenye mabaki ya HMS Pandora, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama karibu na Australia mwaka 1791, wapiga mbizi waliikuta moja.

Na Mitsubishi Pencil haina uhusiano wowote na magari. Ilianza 1887 kivyake, na nembo ya almasi tatu iliisajili 1903, kabla ya wale wa magari. Fuso na penseli ni majirani wa jina tu, kama Wanjala wa Bungoma na Wanjala wa Busia.

#18 Kijana_Section58
Yaani nimewaambia watu hii kitu ya Fuso miaka minne.

#19 Omena_Kavu
Usijali, na wao wamewaambia wengine. Umeshakuwa mwanahistoria.

#20 Tekla_Karakana
Nirudi kwenye ugonjwa. Niko karakana ya chuo, kazi yangu ni kupima. Hakuna aliyegusa unene. Risasi iliyoandikwa 0.5 haina milimita 0.5. Ukiipima, nzuri inasoma karibu 0.56. Ile ya 0.3 iko karibu 0.38. Ya 0.7 ndiyo inayokaribia jina lake. Taya zimechongwa kwa unene huo. Sasa risasi za bei nafuu wakati mwingine ni nyembamba kuliko inavyopaswa. Taya zinafumba mpaka mwisho wao, zinakutana zenyewe kwa zenyewe, na risasi inapita katikati kama mtu mwembamba kwenye mlango wa matatu. Hapo ile hoja ya Mzee kwamba ukikandamiza inabana zaidi inakufa, kwa sababu taya hazina tena pa kubana.

Mama Achi, hebu muulize mtoto kama amebadilishana risasi na wenzake. Akipewa ya 0.3 akaiweka kwenye penseli ya 0.5, utapata hilo hilo unalolieleza.

#21 Mama_Achi
Nimemuuliza. Amekataa kwa uso wa kukubali. Nitamuuliza tena kesho baada ya chai.

#22 Omena_Kavu
Na mimi nina wazo, msinicheke. Je, kama mtoto anaandika huku kidole gumba kiko kwenye kitufe? Akikandamiza kitufe, taya ziko wazi, bila shaka risasi itarudi. Mimi mwenyewe huirudisha hivyo nikimaliza: nabonyeza kitufe na kusukuma ncha mezani.

#23 Mwalimu_Lurambi
Omena leo umeongea kama mtu aliyesoma. Hilo lipo. Nina mmoja alikuwa anaishika penseli kama mwiko, kidole gumba juu kabisa.

#24 Mzee_Ramani
Vijana mna bahati kulalamikia 0.5. Sisi tulianza na ya milimita 2. Hiyo haina habari ya kusonga kidogo kidogo. Unabonyeza, taya zinafunguka wazi, risasi yote inadondoka kwa uzito wake. Ukisahau kuweka kiganja chini, imevunjika sakafuni na mkubwa wako anakutazama. Na ncha unainoa mwenyewe kwenye kipande cha msasa, ukizungusha, kila baada ya mistari michache. Ukichora mstari mrefu bila kuizungusha penseli mkononi, mwanzo wake ni uzi na mwisho wake ni kamba.

Zilipokuja nyembamba tukaona miujiza. 0.3 ya vipimo, 0.5 ya kuta, 0.7 ya mipaka ya kiwanja. Mstari una unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho na hunoi kitu. Na mtazame ile ncha ya chuma, kibomba chembamba kama milimita 4. Kimewekwa kirefu hivyo ili kipite kando ya rula bila pua ya penseli kukuzibia jicho. Za kuandikia tu huwa na ncha fupi. Mwalimu wa huyo binti ana maana yake kutaka ya kuchorea.

Lakini niliwahi kuwa na moja ya 0.3 iliyomeza risasi mwezi mzima. Nilibadilisha risasi, nikaisafisha, nikaangalia kila kitu mnachosema hapa. Haikupona.

#25 Fundi_Saa
Mzee, ulisafisha kwa nini?

#26 Mzee_Ramani
Kwa pumzi na kitambaa. Ulitaka nitumie nini, petroli?

#27 Fundi_Saa
Ndiyo, au spiriti kidogo! Maana hapa nina wazo jipya, na nasikitika halikunijia mapema kwa sababu ni kazi yangu ya kila siku. Kufuli kavu ikigoma mimi siiwekei mafuta, mafuta yanavuta vumbi. Naiwekea unga wa grafiti. Nakwangua penseli tu, napulizia kwenye tundu la ufunguo, na inateleza kama mpya. Sasa fikirieni: ndani ya penseli, unga wa grafiti unaanguka kwenye nini? Kwenye taya zenyewe zinazotakiwa *kushika*. Unazipaka kilainishi siku baada ya siku, halafu unashangaa zinateleza.

#28 Mwalimu_Lurambi
Fundi, hiyo ni tamu lakini inanipa shida. Unga huo uko kwenye kila penseli duniani. Basi zote zingekuwa zinateleza.

#29 Fundi_Saa
Si zote zina taya za shaba zilizochongwa vizuri ndani. Za bei nafuu uso wa ndani ni laini. Weka unga juu ya laini uone.

#30 Boda_Nyalenda
Nami nina la jua. Abiria wangu aliacha penseli ya plastiki kwenye kikapu cha pikipiki kutoka Kibuye hadi Dunga, saa nane mchana. Kufika imepinda. Kisumu joto si mchezo. Labda taya za mtoto zimelegea kwa joto.

#31 Tekla_Karakana
Boda, zake ni za shaba, ameshasema. Shaba haiyeyuki kwa jua la Kisumu.

#32 Kijana_Section58
Njooni Nakuru, huku penseli hazipindi na watu wana akili baridi.

#33 Omena_Kavu
Akili baridi ndiyo iliyouza penseli za Fuso miaka minne?

#34 Mwalimu_Lurambi
Niwachekeshe kidogo. Kabla KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, haijafungwa 2023, nilisimamia miaka kadhaa. Watahiniwa walipaka majibu kwa penseli ya HB. Mmoja akaja na ya kubonyeza ya 0.5, mpya kabisa, zawadi ya mjomba. Wenzake kwa penseli ya mti iliyokuwa butu wanapaka kibox kwa mikwaruzo mitatu. Yeye anapaka kama anayelima kwa sindano, kat, risasi imekatika, bonyeza, kat tena. Somo la pili akaazima penseli butu.

#35 Tekla_Karakana
Na mnajua kwa nini ilikuwa lazima iwe penseli? Mashine za kusahihisha za siku hizi zinatazama mwanga, alama ya grafiti ni nyeusi kwa hiyo hairudishi mwanga. Lakini mashine ya IBM ya mwaka 1938 ilikuwa inapitisha umeme kwenye alama yenyewe, maana grafiti inapitisha umeme. Kwa sababu hiyo hiyo, Fundi, waambie wateja wako wasinoe penseli juu ya simu iliyofunguliwa.

#36 Fundi_Saa
Nimeshaandika kwenye kibao.

#37 Mama_Achi
Ripoti. Nimefanya haya jana usiku:

Kimpira: risasi ilipita kwenye pua kwa kugoma kidogo. Kwa hiyo Fundi, dau lako la kwanza limeyumba.
Kijibomba: nilikuta risasi 11 na vumbi la vipande. Mwalimu, pointi yako.
Nilitoa zote, nikapuliza, nikaweka moja ndefu. Ikashika! Mtoto akaandika nusu ukurasa. Halafu ikaanza tena kurudi, ila si kila mara. Kama mara moja kwa tano.
Na kuhusu kubadilishana: amekubali. Alimpa mwenzake risasi nne, akapewa nne. Hajui ni za ngapi.

Kidole gumba kiko mahali pake, nimemwangalia. Pole Omena.

#38 Mzee_Ramani
Iliposhika ilikuwa ndefu. Ilipoanza kurudi ilikuwa na urefu gani? Andika urefu, mama. Bila urefu tunapiga ramli.

#39 Tekla_Karakana
Nusu ukurasa haumalizi risasi ya milimita 60, Mzee. Mama Achi, nitumie vipande vitatu kwenye bahasha kwa gari la Bungoma, uandike jina la karakana, nivipime.

#40 Kijana_Section58
Tukisubiri vipimo: kuna ile Kuru Toga ya hao Mitsubishi *wa penseli* (nimejifunza), ya mwaka 2008. Ndani ina gia. Kila ncha ikigusa karatasi, risasi inarudi nyuma kidogo sana na gia inaizungusha nyuzi 9. Mara 40 imezunguka yote. Ile shida ya Mzee ya mstari kugeuka kamba imeondoka bila kuzungusha mkono. Lakini mtu asiyejua akiishika huhisi risasi inacheza, anadhani mbovu. Isije ikawa binti ana ya aina hiyo tunaitibu bure!

#41 Tekla_Karakana
Ya shilingi 70? Gia?

#42 Kijana_Section58
Nilikuwa nauliza tu.

#43 Mwalimu_Lurambi
Kuna jambo Kijana amegusa bila kujua. Watoto hukandamiza. Risasi nyembamba haikuwezekana zamani kwa sababu ile ya grafiti na udongo, ambayo Mfaransa Conté aliianzisha 1795, ikiwa nyembamba hivyo inavunjika. Pentel walipotoa risasi ya kuchanganya grafiti na resini mwaka 1960 ndipo hizi nyembamba zikawa za kila mtu. Hata hivyo ukiweka 2B, ambayo ni laini zaidi, kwa mtoto wa mkono mzito, inasagika haraka kuliko HB. Mama, kijaluba kimeandikwa nini?

#44 Mama_Achi
Kimeandikwa 2B. Na picha ya panda.

#45 Fundi_Saa
2B! Laini, unga mwingi. Nani alisema unga?

#46 Mzee_Ramani
Wewe ulisema kimpira kwanza.

#47 Fundi_Saa
Nimehama, Mzee. Hata wanasiasa wanahama.

#48 Msimamizi
Wadau, siasa zina jukwaa lake. Tuendelee na penseli.

#49 Tekla_Karakana
Bahasha imefika, asante kwa dereva. Nimetumia maikromita, kwa kugusa tu, maana ukikaza unasaga kipimo chako. Viwili vimesoma 0.55. Kimoja 0.52. Hakuna 0.3 hapo, kwa hiyo mwenzake mtoto ameonewa. Lakini hicho cha 0.52 ni chembamba, na mimi nasema mara moja kwa tano ya Mama Achi inaanzia hapo: zikiingia nene inashika, ikiingia nyembamba inateleza.

#50 Mwalimu_Lurambi
Hiyo ingeeleza kama alikuwa anabadilisha risasi. Yeye amesema ni ile ile moja iliyoshika nusu ukurasa kisha ikaanza kuteleza.

#51 Tekla_Karakana
Risasi moja inaweza kuwa nene huku na nyembamba kule. Nitapima katikati.

#52 Fundi_Saa
Au ilishika kwa sababu taya zilikuwa zimepulizwa, kisha unga wa 2B ukarudi. Nusu ukurasa wa mkono mzito unatosha. Mama, osha taya kwa spiriti, ukaushe, uweke HB, uniambie. Kama itashika ukurasa mzima nitakuwa nimewashinda wote.

#53 Mzee_Ramani
Ukifanya hivyo umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, huwezi kujua kipi kimeponya. Osha kwanza, uache 2B ile ile, upime urefu. Kisha HB.

#54 Mama_Achi
Wazee wangu, kuna habari. Nilikuwa nimeshaosha taya, nimeziweka kwenye karatasi zikauke. Mdogo wake akapita na mpira. Springi nimeipata, taya nimezipata. Kipete hakipo. Tumetazama chini ya kochi, kwenye sahani, kwenye ufagio. Fundi, kile kipete kinauzwa peke yake?

#55 Fundi_Saa
Hakiuzwi mama. Ndiyo maana nilikuambia uangalie chini ya meza.

#56 Mzee_Ramani
Na urefu hukupima.

#57 Mama_Achi
Sikupima.

#58 Boda_Nyalenda
Mama, hiyo springi kama huitumii niwekee. Kuna kitu kwenye breki ya nyuma nataka kujaribu.

#59 Omena_Kavu
Mungu wangu. Kuanzia kesho natembea kwa miguu.